Upanga wa Ulaya ulikuwa na kilo ngapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Kirumba hapa Mwanza, nachonga mipini ya mapanga na visu vya kupasulia sangara pale Mwaloni. Jamaa wanabisha eti panga za mashujaa wa Ulaya wa zamani zilikuwa na kilo kumi na ule mfereji wa katikati ulikuwa wa kupitishia damu. Ni kweli? Na kwa nini baadaye zikachongoka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli yote mawili, na hiyo ya kilo kumi inaniuma maana inawavunjia heshima wahunzi waliokuwa wanaijua kazi yao. Upanga wa mkono mmoja wa miaka ya 1100 na 1200 mara nyingi ulikuwa na kilo 1.1 mpaka 1.4 tu, basi. Mfereji ulipunguza chuma bila kugusa upana, na upana ndo unaotakiwa kwenye kukata, damu haihusiki kabisa.

Wewe fundi wa mipini hii utaipenda: bapa halikuwa na unene mmoja, karibu na mpini lilikuwa nene halafu linapungua taratibu mpaka kule mbele linabaki chini ya nusu, na mwishoni mwa mpini wanaweka tufe la chuma linalorudisha uzito mkononi. Panga la shamba uzito wake uko mbele, unaliangusha tu kwenye tawi linafanya kazi lenyewe, ila upanga lazima uweze kuusimamisha na kuugeuza haraka mwenzio asijekuwahi.

Halafu kuna falshoni, aina ya upanga wa Ulaya wenye makali upande mmoja, linapanuka kuelekea mbele, ukiliona utaapa ni panga la kwetu. Moja la miaka ya 1200, la ukoo wa Conyers, lipo mpaka leo kanisa kuu la Durham, Uingereza, halifiki hata kilo moja na nusu.

Kuchongoka ni kwa sababu ya mavazi ya vita. Miaka ya 1300 matajiri walianza kujifunika mabamba ya chuma, makali hayapasui bamba hata upige vipi, ikabidi ncha itafute upenyo kwapani au usoni. Lakini panga za kukata hazikuachwa, askari wengi hawakuwa na hela ya kujifunika mwili mzima.