Steitimenti za benki kwa imeili: kubali, ila usibonyeze leo

Mkuu umeuliza benki yako imekutumia meseji kwamba kuanzia mwezi ujao hawatumi tena steitimenti kwenye sanduku la posta, uingie kwenye apu ukubali kupokea kwa imeili, na hofu yako ni ubalozini na TRA, kwamba watakuambia PDF haitambuliki. Kubali tu. Mimi nilishahama kitambo, akaunti yangu na ya duka la bro la vifaa vya ujenzi ambalo nashika hesabu zake, ila kuna vitu vya kuweka sawa kabla hujabonyeza.

Halafu tusizililie sana hizo karatasi. Wengi wetu hatuna SLP, siku ya kufungua akaunti tuliandika ya kazini, ya shule au ya parokia. Yangu ilikuwa ya ofisi ya zamani, nimeshaondoka pale bahasha bado zinaenda huko, zinakaa mezani kwa karani kila anayepita anazishika, na zikinifikia nyingine zimeshafunguliwa. Steitimenti ya Januari naisoma Aprili, kuna makato siyaelewi, nikienda tawini wananiuliza mbona hukuja mapema. Siri gani hapo?

Sasa kwenye imeili cha kujiuliza ni hiki, ile imeili iliyoko kwenye faili lako benki ni ya nani kweli? Nimesaidia watu kadhaa mtaani na hii naikuta kila mara: imeili alifunguliwa na dogo wa steshenari siku ya kuomba TIN, paswedi anayo dogo, namba ya kuirudishia ni ya dogo, mwenyewe hajawahi hata kuiingia. Ukikubali kwa hali hiyo barua zako za benki zinaenda kwa dogo. Wengine wameweka imeili ya ofisi, siku ukiachishwa kazi wanaifunga jioni hiyo hiyo. Na hata ukiwa na Gmail yako halali lazima uwe unaingia, Google tangu Desemba 2023 wanafuta akaunti za watu binafsi zisizoguswa miaka miwili, na zile GB 15 za bure zikishajaa mapicha na mavideo ya harusi imeili mpya hazipokelewi. Kwa hiyo fungua imeili ya mambo ya pesa tu, weka namba yako mwenyewe, washa uthibitisho wa hatua mbili, ndio uende benki wabadilishe kwenye faili. Na laini ya simu iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106# uone, maana ukiwa unatumia laini ya shemeji basi hata zile namba za uthibitisho (OTP) benki wanazotuma zinaingia kwenye laini yenye jina la shemeji.

Kitu ambacho watu hawakiangalii kabisa ni kwamba ukibonyeza kukubali mara nyingi huhamishi steitimenti peke yake, na barua za taarifa zinahama humo humo: riba ya mkopo imebadilika, ada mpya, akaunti ya muda maalum imeiva. Steitimenti ukiichelewesha utaipata tu, barua ya taarifa ina siku zake. Mama yangu mdogo aliweka hela muda maalum akitegemea ikiiva alipe ada ya chuo ya binti yake, taarifa ikatumwa kwenye imeili asiyoifungua, hakujibu, benki wakaizungusha tena kwa muda ule ule kama mkataba ulivyosema. Kuivunja ni kupoteza riba, kuiacha ni binti kukosa kusajiliwa. Aliivunja. Benki haikuvunja sheria yoyote, waliandika na wakatuma, ila bahasha angalau ingekuwa pale juu ya kabati anaiona. Siku hizi tarehe za kuiva naziweka mwenyewe kwenye kalenda ya simu, na pale tawini omba taarifa za muda maalum na mkopo zije na kwa SMS pia, baadhi ya benki wanafanya ukiomba.

Tuje kwenye hofu yako. TRA hesabu za biashara unatakiwa uzitunze miaka mitano, na hakuna wa kukutunzia, apu nyingi zinakuonyesha miezi ya karibuni tu na ukifunga akaunti hata hiyo apu haifunguki. Kila mwezi ikiingia pakua, weka kwenye kompyuta au flashi na nakala nyingine kwingine, jina la faili lianze na mwaka na mwezi zitajipanga zenyewe. Usipige skrinshoti ukasema umetunza. Mahakamani Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini wanaangalia ulitengenezwaje na ulitunzwaje, ndio maana faili halisi kutoka benki usiliguse. Lina paswedi, andika ile paswedi mahali, benki wakibadilisha utaratibu yale mafaili ya zamani yanabaki na ya zamani.

Ubalozini soma orodha yao, wengi bado wanataka muhuri. Nenda tawini wakuprintie na kugonga, benki nyingi wanatoza kwa ukurasa kwa hiyo omba miezi waliyotaja tu usibebe ya mwaka mzima.

Utapeli upo, utapata imeili "steitimenti yako iko tayari bonyeza hapa" yenye nembo kabisa, au faili la apu kwa WhatsApp. Mimi sibonyezi linki yoyote, nafungua apu ya benki mwenyewe. Meseji za kitapeli zitume 15040.

Kama akaunti ni ya kikoba usiweke imeili ya mwenyekiti hata akiwa mtu wa Mungu kiasi gani. Fungueni imeili ya kikundi, paswedi ajue katibu na mhazini, na uongozi ukibadilika inabadilishwa siku hiyo hiyo kabla ya chai.