Anza chini ya gari: kwa anayeingia kwenye historia ya magari ya kazi ya zamani

Wengi wanaoanza kufuatilia historia ya magari ya kazi ya zamani, yaani pikapu, malori madogo, Land Rover za mwanzo na mabasi ya mbao, hutazama kwanza nembo ya kwenye boneti, kisha hukimbilia vitabu vya kiwanda. Wakikuta dirisha, kiti au paa ambalo halimo kitabuni, husema gari limeharibiwa. Nakusihi usianze hivyo. Magari mengi ya aina hii yalitengenezwa mara mbili: kiwanda kilitoa chesisi (fremu ya chini inayobeba gari lote), injini na giaboksi, kisha mafundi wa bodi, pengine ng'ambo ya bahari, wakajenga juu yake kile alichokihitaji mnunuzi. Vitabu vya kiwanda vinakueleza upande mmoja tu. Ukitaka kujua gari lilibeba nini, lilibeba akina nani na lilipita barabara za namna gani, huna budi kusoma kazi ya mafundi wale.

Elewa kwanza kwa nini kazi iligawanywa. Ford ilipotoa lori la Model TT mwaka 1917, la kubeba tani 1, ililiuza likiwa chesisi tupu. Mnunuzi alilipeleka kwa fundi wa bodi, au alijigongomelea mwenyewe kabini na kitanda cha mizigo. Pikapu kamili ya kutoka kiwandani ilifuata mwaka 1925, juu ya Model T ya kawaida. Halafu kuna suala la meli. Bodi kubwa ni nafasi tupu iliyozungushiwa bati na mbao. Inakula eneo la mizigo kuliko uzito wake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Australia ilibana uingizaji wa bodi kutoka nje ili kuokoa nafasi melini, na fursa hiyo ikachangamkiwa na kampuni ya Holden ya Adelaide, ambayo ilianza mwaka 1856 ikitengeneza matandiko ya farasi. Mwaka 1919 ikasajiliwa kampuni ya Holden ya kujenga bodi za magari, na mwaka 1931 ikaungana na tawi la General Motors nchini humo. Huwezi kuandika historia ya magari ya nchi ile bila kupitia karakana za bodi.

Wala usidhani mafundi hawa walikuwa wakinakili tu. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Lewis Bandt, mchoraji kijana wa Ford huko Geelong, Australia. Inasimuliwa kwamba mke wa mkulima mmoja aliiandikia kampuni akiomba gari la kuwapeleka kanisani Jumapili na la kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Gari alilolichora Bandt liliingia sokoni mwaka 1934. Pikapu zilikuwepo tayari, lakini kabini na sehemu ya mizigo vilikuwa vipande viwili vilivyokaa jirani. Yeye alilivuta bati la ubavu kutoka mlangoni hadi nyuma bila kukatika, kabini na mizigo vikawa kitu kimoja. Ukikutana na gari la umbo hilo, tazama kwa utulivu pale kabini inapokutana na kitanda. Hapo ndipo mzigo unapotaka kuipasua bodi, na hapo utajua kama fundi alilielewa tatizo au aliiga sura tu.

Jambo la pili ambalo wageni hulipita ni kodi. Ukikuta kitu cha ajabu kwenye bodi, ulizia kodi kabla ya kuulizia mitindo. Land Rover ya kawaida ilipotoka Uingereza mwaka 1948 ilihesabiwa kuwa gari la kazi, hivyo haikutozwa kodi ya manunuzi. Mwaka huohuo ikatolewa nyingine ya abiria, bodi yake ikiwa na mifupa ya mbao iliyojengwa na kampuni ya Tickford. Hiyo ikahesabiwa gari la watu binafsi, kodi ikaipandisha bei, na haikuuzika. Baadaye, katika miaka ya 1960, Land Rover ndefu ya inchi 109 ikawekewa viti vya watu 12. Aliyewahi kukaa nyuma yake anajua jinsi magoti yanavyogongana. Lakini watu 12 waliifanya ihesabiwe kuwa basi, na basi lilisamehewa kodi ile. Marekani nako, ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo ya nje, uliowekwa miaka ya 1960, ndio uliosababisha pikapu ya Subaru BRAT kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na viti viwili vilivyochomelewa kwenye sehemu ya mizigo, ili ipite kama gari la abiria. Bila kujua sheria ya mwaka husika, utabaki kusifu au kulaumu ladha ya mafundi wakati ladha haikuhusika.

Sasa tuingie chini ya gari. Chukua tochi, kinyundo kidogo na brashi ya waya, na uifanyie mazoezi Land Rover ya zamani, kwa sababu inafundisha vizuri kuliko gari lolote ninalolijua. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover na wenzake waliibuni mwaka 1947, chuma kikiwa cha mgao Uingereza. Ndiyo maana mabati mengi ya nje ni ya aloi ya alumini iitwayo Birmabright, na ndiyo maana yamenyooka: walikwepa gharama ya mashine kubwa za kukandamiza bati. Chesisi nayo iliundwa kwa kuunganisha vipande vya bamba la chuma kwa kuchomelea mpaka vikawa boksi. Boksi hilo linaoza kwa ndani. Maji na tope vinaingia, havitoki, na nje rangi inabaki nzuri. Gonga taratibu boriti ya nyuma kabisa, ile yenye ndoano ya kuvutia tela. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito, iliyokufa, na ukiongeza nguvu kidogo magamba ya kutu yanakudondokea usoni. Kwa hiyo vaa miwani.

Kisha panda kwenye milango. Ukingo wa chini wa mlango una mfupa wa chuma uliovishwa bati la aloi. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu, aloi ndiyo inayoliwa. Utaona rangi imevimba vipele, na ukikwangua kwa kucha unatoka unga mweupe. Wanaoanza huuona unga huo wakadhani ni mabaki ya puti. Ni alumini inayoteketea, na inakuonyesha mahali ambapo maji yamekuwa yakituama miaka yote. Jifunze pia vipimo vya ekseli hadi ekseli, maana hapo ndipo umri unapoanza kujitaja: inchi 80 mwanzoni, kisha 86 na 107, kisha 88 na 109 kuanzia mwaka 1956. Ukipima 88 mbele ya mtu anayekuapia kwamba gari ni la 1949, huna haja ya kubishana naye. Mwonyeshe futi.

Kwenye mabasi na malori, mbao ndizo zinazozungumza. Basi la Bedford OB lilianza mwaka 1939, na mengi yalivishwa bodi za mviringo za kampuni ya Duple. Lakini vita vilileta nduguye, OWB, kuanzia mwaka 1942: paa na pembe za kukatika, mabati bapa, viti vya fito za mbao. Ustadi wa kupinda bati pande mbili kwa wakati mmoja ulikuwa unahitajika kwenye ndege, hivyo bodi ikachorwa iweze kujengwa bila ustadi huo. Bodi yenye sura ngumu haina maana kwamba fundi alikuwa dhaifu. Fungua bati la ndani mahali padogo, ikiwezekana karibu na mlango wa dharura, uone viungo vya mbao. Tazama kama vimechongwa vikaingiana au vimeunganishwa kwa vipande vya chuma na skrubu. Tazama alama za penseli. Na ukiona tundu za skrubu zisizo na kazi, zipige picha zote kabla hazijazibwa; kila tundu lilishika kitu, iwe keria, taa, kibao cha njia au kiti kilichohamishwa.

Rangi usiikwangue ovyo. Chagua mahali palipofichika, tumia msasa laini wenye maji, sugua eneo dogo la duara ukipanuka polepole kuelekea nje. Matabaka yatajitokeza kama miduara ya kisiki cha mti, la zamani zaidi likiwa katikati. Piga picha mchana, kivulini, ukiweka rula kando. Usiliamini sana tabaka la kwanza unaloliona juu ya chuma, huenda ni praima tu, yaani rangi ya kutangulizia. Kijani cha Land Rover za mwanzo kilitokana na akiba ya rangi ya ndege za kijeshi, na kukiona bado kipo chini ya matabaka mengine kunathibitisha zaidi kuliko hati ya mauzo.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wanaokarabati magari ya zamani hawalipendi. Kuvunja bodi iliyojengwa na mafundi wa mahali ili kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani ni kupoteza, hata kama kazi itafanywa kwa ustadi. Fikiria jeepney za Ufilipino. Zaidi ya jeep 600,000 zilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na nyingi zilizoachwa Manila zilirefushwa, zikawekewa paa na mabenchi mawili ya kutazamana. Leonardo Sarao, aliyekuwa mwendesha gari la farasi, alianzisha karakana yake mwaka 1953, na kazi hiyo ikawa ndiyo usafiri wa umma wa nchi nzima. Mtu akiipata mojawapo ya zile za kwanza akaikata irudi kuwa jeep ya jeshi, ataongeza moja kwenye maelfu yaliyopo na kuua chombo ambacho hakipatikani tena. Pikapu zilizofunikwa paa na kuwekewa mabenchi zikawa matatu nchini Kenya zinastahili heshima ileile. Zilikuwa nyingi mno kiasi kwamba hakuna aliyeona haja ya kuzihifadhi.

Mafundi wazee watafute mapema. Usiwapelekee orodha ya maswali. Wapeleke kwenye gari. Mkono wa fundi ukigusa kona ya bati, kumbukumbu inafuata. Muulize alitumia chombo gani kuipinda kona ile, bati lilitoka wapi, nani alishona turubai, na nini kilirudishwa karakana kikiwa kimevunjika. Swali hili la mwisho ndilo lenye faida kubwa, kwa sababu kilichovunjika ndicho kilichobadilisha umbo la bodi iliyofuata. Mwombe ruhusa ya kurekodi, na kabla ya kuandika jina lake popote, muulize kama anataka liandikwe.

Katika kumbukumbu zako tenga mistari miwili kwa kila gari: mwaka na mahali pa chesisi, kisha mwaka na mahali pa bodi. Chini yake andika ushahidi wa kila mmoja, kama ni kibati cha namba, kipimo, tabaka la rangi au kauli ya mtu. Ukikosa ushahidi wa bodi, acha mstari huo wazi badala ya kunakili mwaka wa chesisi. Magari mengi yaliyohifadhiwa yana mwaka mmoja tu kwenye vibao vyao, na kila nikikutana na kibao cha namna hiyo huinama kwanza kuangalia bolti zinazoshikilia bodi.