Vina vya bure havibebi vesi: kuchana kwa Kiswahili juu ya biti

Kiswahili humdanganya anayeanza kuchana, yaani kurap. Karibu kila neno linaishia kwa irabu, basi vina vinajileta vyenyewe, na mistari inatoka myepesi. "Mjini" na "mkononi" zimekutana kwenye -ni tu. Hapo sarufi ndiyo iliyokufanyia kazi. Linganisha na irabu iliyotangulia pia: mkononi, sokoni, maoni. Halafu changanya aina za maneno. "Napigiwa, naletewa, napikiwa" ni mnyambuliko uleule ukijirudia, lakini "napika, dakika, Afrika" msikilizaji haoni kina kinakuja wapi.

Sasa ngoma, maana hip-hop ilianzia hapo: kwenye pati ya Bronx, New York, ya Agosti 11, 1973, DJ Kool Herc alikuwa anarefusha kile kipande cha rekodi ambacho ngoma zinabaki peke yake. Biti ya kawaida ina mapigo manne kwa baa (kipimo kimoja cha muziki), na snea, ile ngoma yenye mlio mkali, inalia kwenye la pili na la nne. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo "o" ya "maoni" ikae juu ya snea ya pigo la nne, "ni" ifuate nyuma yake. Ukiigeuza, unasikika kama mgeni anayejifunza lugha.

Ukigawa kila pigo mara nne, baa moja ina nafasi 16 za silabi. Mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, nao una mizani (silabi) 16, ndiyo maana waliokulia kwenye mashairi hujaza baa pomoni wakaishiwa pumzi mapema. Kwenye BPM 90 (mapigo 90 kwa dakika) baa haifiki hata sekunde 3. Silabi 11 hadi 13 zinatosha.

Viambishi vya mwanzo, ni-, nili-, tuta-, viingize kabla ya pigo la kwanza. Ila hesabu: baada ya "o" kwenye snea na "ni" nyuma yake, zimebaki nafasi mbili tu. "Nilipofika" ina silabi tatu kabla ya mkazo, kwa hiyo itagongana na mstari uliopita. "Nikafika" inaingia. Pumzi iweke kila baada ya baa mbili: acha kiki, ile ngoma nzito, ya kwanza ipite, ndipo uingie.

Kabla ya studio, jirekodi kwa simu bila biti, ukipiga makofi kwenye la pili na la nne. Kofi likiangukia kiambishi, andika mstari upya. Usiukunje kwa mdomo.