Hujala kitu tangu jana usiku, mbona sukari imepanda?

Tangu watu wajue nina kisukari hili ndo swali naulizwa kuliko yote, limelipita hata lile la "eti mlonge unaponya?" (mlonge kula kama mboga, dawa usiache). Mtu kala saa moja usiku, mboga za majani na kipande cha samaki, kapima kabla ya kulala iko 7.4 (mmol/L, kipimo cha mashine), asubuhi anaamka hajagusa hata chai anapima tena anakuta 9.2. Anachanganyikiwa, na pale nyumbani nao wameshaanza, lazima umeamka usiku ukala maandazi ya watoto wewe. Jamani muacheni huyo mtu, hajala maandazi ya mtu.

Sukari ya kwenye damu haitoki kwenye sahani peke yake, ini nalo linaitoa. Hii wengi hatuambiwi kliniki, tunaambiwa tu punguza wali punguza ugali, tunaondoka tukiamini mdomo ukifungwa sukari nayo inakaa kimya. Ukishakula, kongosho linamwaga insulini, homoni ya kushusha sukari, na ini likiisikia hiyo insulini linachukua sehemu ya sukari linaiweka akiba. Usiku umelala huli, insulini inashuka, ini linaanza kuitoa ile akiba kidogo kidogo manake ubongo haulali, wenyewe kwa siku unakula kama gramu 120 za sukari. Akiba ikipungua ini linatengeneza sukari mpya kabisa kutoka kwenye protini na mafuta, yani hata ukilala njaa linatengeneza. Ni kama tenki la maji juu ya paa, bomba likikatika ndo linafunguka, na insulini ndo koki ya kulifunga. Kwetu sisi wa kisukari aina ya pili koki imelegea, ini halimsikii vizuri insulini, linamwaga tu hata kama kwenye damu sukari imejaa.

Alafu kuanzia kama saa tisa usiku mpaka saa mbili asubuhi mwili unajiandaa kuamka, homoni kama kotisoli zinapanda, na hizo zinaliambia ini ongeza. Mtu mzima wa afya kongosho lake linajibu kwa kuongeza insulini kidogo, hata hajui kama kuna kitu kimetokea. Wewe unaamka na 9.2.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla hujajinyima chakula cha usiku chote, pima kabla ya kulala, na siku mbili tatu weka alamu upime saa tisa usiku, alafu asubuhi. Andika, mpelekee daktari. Kama saa tisa iko chini ya 4 hiyo ni habari nyingine kabisa, dawa inakushusha usiku na ni hatari, usisubiri tarehe ya kliniki. Kama iko vizuri alafu inapanda kuelekea asubuhi, hilo ni ini. Na kabla ya kupima nawa mikono kwanza, ukimenya embe alafu ukatoboa kidole mashine itakusomea sukari ya embe. Mimi kilichonisaidia ni kutembea baada ya chakula cha usiku, mzunguko wa mtaani tu hata kwa kandambili, manake misuli ikifanya kazi inavuta sukari yenyewe bila kutegemea sana insulini.

Na hapa kwenye dawa tuelewane. Metformin, kidonge cha kisukari, kazi yake kubwa ni hukohuko kwenye ini, kulipunguza kasi ya kumwaga sukari, ndo maana ile hesabu ya "leo sijala kwahiyo simezi" kwake haina mantiki sana. Ila glibenclamide, nayo kidonge cha kisukari, ni tofauti, yenyewe inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo tupu, ukiimeza usile sukari inaweza kushuka mpaka ukadondoka. Vidonge vyote vyaweza kuwa vyeupe kwenye bahasha moja, kwahiyo uliza kipi ni kipi.

Sasa kuumwa. Homa, UTI, kidonda cha mguuni, hata jino bovu, mwili ukipambana unatoa adrenalini na kotisoli nyingi, ini linafungulia kwa nguvu zote. Mtu yuko kitandani kanywa maji na uji vijiko viwili unakuta sukari 15. Ikishavuka kama 10 figo zinaanza kuimwaga kwenye mkojo na inatoka na maji, ndo ile kiu na kukimbilia choo. Siku za kuumwa pima mara nyingi zaidi, kunywa maji, na kama unachoma insulini usiiache eti kwa sababu hujala, piga simu uulize dozi. Ukitapika au kuharisha sana uliza pia kuhusu metformin, kuna wakati inasimamishwa mpaka maji ya mwili yarudi. Ukiona pumzi zinaenda mbio, mdomo unanuka kama matunda yaliyooza, au mtu anaongea vitu havieleweki, msipike uji, nendeni hospitali. Malaria kali yenyewe ni kigeugeu, inaweza kukushusha badala ya kukupandisha, na kwinini nayo inalichokoza kongosho litoe insulini, kwahiyo wakikuwekea hiyo dripu waambie wakupime kila mara.

La mwisho ni steroidi, prednisolone na deksamethasone. Unapewa kwa ajili ya pumu au aleji na zinafanya kazi kweli, wengine wanazinunua tu duka la dawa ili wanenepe, mimi hao sijui niwaambie nini. Zinapandisha sukari vibaya. Mwambie daktari una kisukari kabla hajaandika, na kama ni lazima uzimeze pima jioni kabla ya chakula, manake ukimeza asubuhi inapanda mchana na jioni, ukiwa unapima alfajiri tu utaona 6 kila siku uendelee kula chapati zako.