Mshale wa pili: kwa aliyeuliza kama Ubudha unakataza kuumia

Ndugu, umeuliza kama mafundisho ya Buddha yanamtaka mwenye uchungu ajifanye hana uchungu. Hapana, hayataki hivyo hata kidogo, na ninakujibu nikiwa mtu ninayeishi na maumivu ya mgongo ambayo madaktari wamekwisha kunieleza kwamba nitazeeka nayo.

Katika Samyutta Nikaya, mojawapo ya mikusanyo ya mahubiri yaliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya kale ya India, Buddha anamfananisha mtu asiyefundishwa na aliyechomwa mshale, kisha papo hapo akachomwa wa pili. Wa kwanza ni maumivu ya mwili, ambayo hata mwenye hekima hayamkwepi. Wa pili ni yale ambayo moyo unayaongeza juu yake. Wengi wanaonukuu mfano huu huishia hapo, wakaliacha neno ambalo kwangu ndilo zito zaidi: kwamba mtu huyo huikimbilia raha, kwa kuwa hajui njia nyingine ya kuyatoka maumivu. Usiku mgongo unaponibana, mkono wangu hutangulia kupapasa simu kabla sijajua ninatafuta nini.

Siku ninapoweza, huiacha simu ilipo na kuyaangalia maumivu yenyewe. Huanzia juu ya nyonga ya kushoto, yana joto, hupanda na kulegea, wala hayatulii mahali pamoja. Kisha huja wazo: kesho utashindwa kwenda kazini, na watoto watakula nini? Hapo mgongo haujaongeza kitu. Ni hofu imejiunga nao. Mafundisho huiita hisia ile ya kwanza vedana, nayo huwa ya kupendeza, ya kuchukiza, au isiyo huku wala huku, na kati yake na chuki inayoifuata pana upenyo mwembamba ambamo kazi yote ya kutafakari hufanyika.

Dawa usiziache. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo ya namna hii mwaka 1979 katika chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, aliyaweka yaende sambamba na matibabu. Machozi nayo usiyazuie kwa nguvu, maana kujilaumu kwa kulia ni mshale mwingine tena. Na kama ndiyo kwanza unaanza, usianzie kwenye msiba wako; anzia kwenye goti linalouma kwa kukaa chini muda mrefu, uone ni lini hasa kuuma kunageuka kuwa kukasirika.