Kumuenzi Allamano bila spika

Kila tarehe 16 Februari ikikaribia, vikao vyetu vya jumuiya hapa Mombasa huzunguka mambo yale yale: kitenge cha sare, hema, spika, na pilau itapikwa na nani. Nimekuwa katibu wa jumuiya kwa muda sasa, na kumbukumbu za vikao hivyo ningeweza kuziandika kabla watu hawajafika. Sina ugomvi na pilau. Ila tunayemsherehekea ni Mtakatifu Yosefu Allamano, mwanzilishi wa Wamisionari wa Consolata, ambaye wosia wake mkubwa ulikuwa kutenda mema, kuyatenda vizuri, na bila kelele. Zile spika zinaingia wapi hapo?

Kwa hiyo, wewe uliyekabidhiwa kamati ya sikukuu kama hii, kabla hujapitisha daftari la michango, ulizia kwanza mtu mwenyewe alishinda akifanya nini siku za kawaida. Allamano alizaliwa mwaka 1851 Castelnuovo, Italia, kijiji kimoja na Yohane Bosco. Mjomba wake ni Mtakatifu Yosefu Cafasso. Mwaka 1880 alipewa kusimamia kanisa la hija la Bikira Maria Consolata mjini Turin, akabaki hapo hadi kufa kwake mwaka 1926. Alianzisha shirika la mapadre na mabruda mwaka 1901, na la masista mwaka 1910. Wanne wa kwanza waliondoka Turin Mei 1902, na Juni haijaisha walikuwa Tuthu, Murang'a, kwa Chifu Karuri. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika.

Sasa aliwaongozaje watu walio mbali hivyo? Aliwataka waandike. Kila kituo kilikuwa na shajara: nani kaja, nani mgonjwa, mvua imenyesha au la. Zikasafirishwa kwa meli hadi Turin naye akazisoma. Mengi tunayoyajua leo kuhusu misheni zile za mwanzo yametoka humo.

Hili ndilo ningeiga. Nunueni kaunta buku moja nene, muanze kuandika habari za parokia yenu kutoka kwa wazee wangali hai. Nendeni wawili, mmoja aulize, mwingine aandike. Msiende mchana, Februari ni kaskazi, na chini ya mabati saa nane hakuna mzee atakayekumbuka kitu zaidi ya joto. Nendeni jioni, na mahamri na mbaazi mkononi. Na tafadhali msiulize, "Imani ilikuwaje zamani?" Mtahubiriwa. Ulizeni kengele ilipigwa na nani, maji ya kupikia siku ya Kipaimara yalichotwa wapi.

Tulimwendea mzee mmoja, mstaafu wa bandari ya Kilindini. Alitujibu ndiyo na hapana mpaka mwenzangu alipomuuliza, "Babu, kanisani mlikalia nini?"

"Viti? Viti vya nani, mwanangu? Tulikalia mbao za masanduku ya bandarini. Ukiinuka vibaya, msumari unabaki na suruali yako."

Hapo akafunguka. Adhana ya magharibi ilipoanza alinyamaza, kama wanavyofanya wengi wa rika lake mtaani, ikaisha akaendelea pale pale alipokomea. Mwenzangu aliandika mpaka kalamu ikakauka.

Kwa watoto, fungueni novena, zile sala za siku tisa kabla ya sikukuu, kwa habari ya Sorino. Novena huanza tarehe 7 Februari, na tarehe hiyo hiyo mwaka 1996 jagwa, yule chui wa Amerika Kusini, alimrarua Sorino, mtu wa kabila la Yanomami nchini Brazil, akampasua fuvu la kichwa. Masista wa Consolata walimwomba mwanzilishi wao amwombee, na Sorino akapona. Ndio muujiza uliomfikisha Allamano kutangazwa mtakatifu na Papa Fransisko tarehe 20 Oktoba 2024. Msiwafiche watoto kwamba Sorino alipelekwa hospitali na kufanyiwa upasuaji. Watoto wa siku hizi wataulizia tu.

Na kabla hamjakodi basi la kwenda kuhiji Nyeri, tazameni Voi, iliyo ndani ya jimbo letu kuu. Mwenyeheri Irene Stefani, sista wa Consolata ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, aliwauguza huko wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza) wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Wengi wetu Voi tunaijua kwa chai ya kituo cha basi tu. Nauli ni nafuu, asubuhi mnaondoka na jioni mko nyumbani. Zikibaki pesa, wapelekeeni wagonjwa wasioweza kufika kwenye pilau.

Kaunta buku msiliweke sakristia wazi wazi. Hewa ya chumvi hula karatasi. Lifungeni kwenye mfuko wa plastiki, pigeni picha kila ukurasa kwa simu, na mpeni paroko nakala. Kila habari iwe na jina la msimulizi na tarehe, kwa ruhusa yake. Mzee akisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe, hata kama ndilo tamu kuliko yote.