Usianze kwa kuwanyang'anya simu

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umekabidhiwa kikundi cha vijana wa miaka 13 hadi 18 mtaani kwenu, na kwamba wazee wa kamati wanataka uanze kwa kupiga marufuku simu na kutoa semina moja kuhusu hatari za mtandaoni. Nimesimamia kituo cha vijana hapa Tanga kwa miaka tisa, wengi wao wakija kwa ajili ya mpira, na ninakusihi usianze hivyo. Hofu ya kijana kwamba akisema yaliyomkuta atanyang'anywa simu na kuchapwa ndiyo mtaji mkubwa wa wanaomtisha.

Nililielewa hilo kupitia kijana wa miaka 16 aliyeacha ghafla kuja mazoezini. Alikuwa amezoeana na akaunti yenye picha ya msichana, akaombwa picha ya faragha, akaituma, na haikupita saa moja akaanza kudaiwa fedha ili isisambazwe kwa ndugu na rafiki zake. Alilipa mara mbili kwa simu, mara ya pili baada ya kuuza viatu vyake vya mpira, na kila alipolipa dai lilipanda. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimewahutubia saa nzima juu ya ulaghai wa namna hiyo hiyo, naye alikaa mstari wa mbele. Maarifa alikuwa nayo. Alikosa mtu wa kumweleza. Aliniambia siku nilipompitia kwao, tukiwa tunachota maji, baada ya mimi kunyamaza muda mrefu.

Tulimwambia asilipe tena hata shilingi moja, wala asifute mazungumzo. Alipiga picha za skrini za vitisho, jina la akaunti na namba zilizopokea fedha, kisha ndipo akairipoti akaunti ile na kuizuia. Hapa uwe mwangalifu sana: picha yenyewe ya mtoto usiipokee kwenye simu yako wala usiitume kwa mtu yeyote kwa jina la ushahidi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza picha za namna hiyo kusambazwa. Mama yake tulimweleza kijana mwenyewe akiwapo na akiwa ameridhia, tukaenda wote Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Kwa aliye mbali na kituo, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure. Ipo pia huduma ya bure ya Marekani iitwayo Take It Down, kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18: simu hutengeneza alama ya kidijitali ya picha, picha yenyewe haiondoki kwenye simu, na mitandao iliyojiunga hutumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa.

Kosa langu lilifuata baadaye, na bado linaniuma. Nilikisimulia kisa hicho kwa kundi bila kutaja jina, nikidhani nimemficha, na kabla kikao hakijaisha wenzake walikuwa wamekwisha kumtambua. Ilichukua miezi arudi. Tangu hapo kisa cha kijana wa kituoni hakisimuliwi kituoni.

Badala ya mihadhara, sasa tunakaa na simu mkononi. Nawaomba wafungue orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti zao, na karibu kila mara anajitokeza anayekuta simu ya rafiki waliyegombana naye, au simu ya dada aliyoiazima zamani, akaunti yake ingali wazi humo. Wengi hawana simu ya peke yao, kwa hiyo ushauri wa kuficha nywila hauwatoshi; wanahitaji kujua namna ya kutoka kwenye akaunti kila wamalizapo, kuweka uthibitishaji wa hatua mbili (yaani akaunti idai msimbo wa ziada mbali na nywila), na kuhamisha picha kabla ya kumpelekea fundi simu kifaa chao. Wakubwa huwafundisha wadogo, nami huongezea panapopungua.

Nasi viongozi tujifunge kwanza. Hakuna kiongozi wa kituo chetu anayechati faraghani na mtoto. Ujumbe hupitia kundi lenye watu wazima wawili, na haupiti baada ya saa mbili usiku. Picha za timu tuliacha kuziweka pamoja na jina la shule na saa za mazoezi, kwa sababu tulikuwa tukimwonyesha mtu tusiyemjua mahali pa kuwapata watoto.

Kuhusu wazee wa kamati, waite kikao kabla ya vijana, uwaombe wakubali jambo moja tu: kijana atakayekuja kusema hatachukuliwa simu siku hiyo. Kwetu ilihitaji vikao vitatu kukubaliana.